Hesabu ya Bosi au Hesabu Yetu? Vijana wa Kaliua, SACCOS na Pikipiki ya Umeme

Wanamageuzi wenzangu, leo sitaongelea katiba wala tume. Leo naongelea pikipiki. Kuna mtu atasema hiyo siyo siasa. Huyo aende stendi ya Kaliua saa 12 asubuhi, ahesabu vijana waliopaki wakisubiri abiria, halafu awaulize swali moja tu: chombo ni cha nani? Wengi watamjibu "cha bosi". Asilimia kubwa ya wapiga kura wetu wa rika hili wanaamka kila siku kumtafutia mtu mwingine pesa, kisha chama kije kuwaambia habari za ukombozi. Ukombozi gani wakati hata kiti unachokalia si chako?

Kinachonisukuma kuandika ni mjadala ulioanza vijiweni kuhusu pikipiki na bajaji za umeme. Wengine wanacheka, wengine wanatamani, wengine wameshapigiwa simu na watu wanaotaka kuwauzia kwa mkopo. Kabla hatujauziwa ndoto, tupige hesabu. Na tupige kwa kutumia chombo kimoja ambacho sisi wapinzani tumekidharau kwa muda mrefu: SACCOS.

Mkataba unakula kiasi gani?

Tuanze na tunachokijua wote, mkataba. Tuchukulie pikipiki ya petroli inauzwa milioni 2.7 dukani. Bosi anainunua, anakukabidhi, unampelekea hesabu ya 10,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, kwa miezi 15. Hizo ni wiki 65. Mara 60,000, jumla 3,900,000. Umelipa milioni 1.2 zaidi ya bei, na ndani ya hiyo miezi 15 chombo siyo chako. Ukiugua wiki mbili, hesabu inaendelea. Ukipata ajali, hesabu inaendelea.

Nina rafiki yangu hapa mjini, sitamtaja. Alifikisha mwezi wa 13. Msimu wa mvua ukamkalia vibaya, akachelewesha hesabu ya wiki tatu, bosi akaja na mafundi wawili wakaichukua pikipiki. Hakukuwa na karatasi yoyote ya maana, ni daftari tu. Miezi 13 ya jasho imekwenda, na yeye amerudi shambani kwa baba yake kuchoma tumbaku. Hii hadithi kila mmoja wetu anaijua, kinachobadilika ni jina tu.

Sasa chukua pikipiki ile ile ya milioni 2.7, ila ununue kwa mkopo wa SACCOS wenye riba ya asilimia 1.5 kwa mwezi, riba inayohesabiwa kwenye deni lililobaki, kwa miezi 15 ile ile. Riba yote inakuwa 324,000. Jumla unalipa 3,024,000. Tofauti na mkataba ni 876,000. Chombo ni hicho hicho na barabara ni hiyo hiyo, kilichobadilika ni nani aliyekukopesha.

Na hapo sijawagusa wale wa kausha damu, wanaokupa laki moja wakitaka laki na 30 mwezi ukiisha. Wala wale wa kwenye simu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitaja hadharani majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijitali zilizokuwa zinafanya kazi bila leseni. Mtandao mzima ulicheka. Aliyekuwa anatumiwa meseji za kumdhalilisha kwa ndugu zake hakucheka.

Sasa tuje kwenye umeme

Tuchukulie petroli huku kwetu ni shilingi 3,000 kwa lita, maana bei inapanda na kushuka. EWURA wanatangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na sisi wa mbali na bandari tunalipa juu zaidi kwa sababu ya usafirishaji. Boda anayetembea kilomita 100 kwa siku anachoma kama lita 2.5, yaani 7,500. Kwa siku 26 ni 195,000. Ongeza oili, tuseme 20,000 kwa mwezi. Jumla 215,000.

Pikipiki ya umeme kwa kilomita hizo hizo, ukijumlisha na ule umeme unaopotea wakati wa kuchaji, inakula kama uniti 4.5. Ukinunua umeme kwa bei ya kawaida ya nyumbani, uniti moja ukijumlisha kodi na tozo ni kama shilingi 356. Kwa siku ni 1,600 na kidogo. Kwa mwezi wa siku 26 ni uniti 117, sawa na 42,000 hivi.

Lakini hapa kuna mtego ambao wauzaji hawakuambii. Nyumba nyingi za kwetu ziko kwenye bei ya chini, ile ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi, kwa sababu zinatumia chini ya uniti 75 kwa mwezi. Ukianza kuchajia nyumbani, uniti 117 za pikipiki peke yake zinakupandisha daraja. Ukishapanda, hata taa, pasi na redio ya mama vinalipiwa bei ya juu. Nyumba iliyokuwa inatumia uniti 40 kwa kama 4,900 sasa inalipa zaidi ya 14,000. Kwa hiyo kwenye ile 42,000 ongeza 9,400 nyingine. Tuseme 51,000 kwa mwezi.

51,000 dhidi ya 215,000. Hata baada ya mtego, unabakiwa na 164,000 kila mwezi.

Tuseme pikipiki ya umeme pamoja na betri yake inauzwa milioni 4, ghali kuliko ya petroli. Unakopa SACCOS milioni 4 kwa miezi 24, riba ile ile ya 1.5 kwenye deni linalopungua. Riba yote ni 750,000, jumla 4,750,000. Mwezi wa kwanza unarejesha kama 227,000, mwezi wa mwisho 169,000.

Jumlisha sasa miaka miwili kwa njia zote tatu, chombo na nishati:

Petroli kwa mkataba wa bosi: 3,900,000 ya chombo na 5,160,000 ya mafuta na oili. Jumla 9,060,000.

Petroli kwa mkopo wa SACCOS: 3,024,000 na 5,160,000. Jumla 8,184,000.

Umeme kwa mkopo wa SACCOS: 4,750,000 na 1,224,000. Jumla 5,974,000.

Tofauti ya kwanza na ya mwisho ni zaidi ya milioni 3. Hata ukitenga milioni 1.5 pembeni kwa ajili ya betri mpya, bado umemzidi mwenye mkataba kwa milioni moja na nusu. Bei zako zikiwa tofauti na hizi, chukua kalamu ubadilishe. Njia ya kuhesabu ndiyo hiyo hiyo.

Yasiyosemwa kwenye tangazo

Mimi siyo wakala wa mtu, kwa hiyo niseme na upande wa pili.

Kwanza, umbali. Nyingi ya hizi pikipiki zinakwenda kilomita 70 hadi 100 kwa chaji moja. Kaliua hadi Tabora mjini ni zaidi ya kilomita 100. Ukibeba abiria na gunia kuelekea vijijini huko Usinge au Ukumbi Siganga, kwenye mchanga au tope la masika, betri inakwisha kabla hujageuza. Kwa hiyo chombo cha umeme kwa leo ni cha mjini na maeneo ya jirani: stendi, sokoni, hospitali, stesheni. Anayeishi kwa safari ndefu abaki na petroli kwanza.

Pili, umeme wenyewe. Umeme ukikatika usiku, asubuhi huna kazi. Bwawa la Mwalimu Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na mtambo wake wa kwanza uliwashwa mwaka 2024. Safi. Ila megawati za Rufiji hazichaji pikipiki ya Kaliua kama nguzo ya njiani imeanguka. Kikundi kinachonunua vyombo 10 kinunue na betri mbili za akiba zinazozunguka, au kiwe na sehemu moja ya kuchajia yenye mita yake. Hiyo mita moja ya kikundi inaondoa na ule mtego wa kupandishwa daraja nyumbani.

Tatu, betri inazeeka. Hapa nasisitiza: mkopo uishe kabla ya waranti ya betri haijaisha. Waranti ikiwa miaka miwili, usikubali mkopo wa miaka mitatu, hata rejesho likionekana dogo namna gani. Utajikuta unalipia chombo kilichokufa. Na waranti iwe ya maandishi, yenye mhuri, na iseme fundi yuko wapi. Fundi akiwa Dar es Salaam tu, hiyo siyo waranti, ni salamu.

Nne, uliza riba inahesabiwaje. Mkopo ule ule wa milioni 4 kwa 1.5 kwa miezi 24, kama riba inahesabiwa kwenye mkopo wote wa mwanzo bila kujali umeshalipa kiasi gani, inakuwa 1,440,000 badala ya 750,000. Mtu mmoja anakwambia "moja na nusu", mwingine naye "moja na nusu", kumbe tofauti yao ni 690,000. Usisaini kabla hujaona jedwali la marejesho ya mwezi hadi mwezi.

Kwa nini SACCOS, na siyo kampuni?

Wenzetu wameshaanza. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya za petroli hazisajiliwi tena kwa biashara ya abiria. Ethiopia mwaka 2024 ilizuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Nairobi, kampuni ya BasiGo ilianza mwaka 2022 na mabasi ya umeme ambayo mwenye basi analipa bei ndogo ya mwanzo, halafu betri na chaji analipia kwa kila kilomita. Wazo ni zuri: mzigo wa betri unabaki kwa mwenye kampuni.

Lakini jiulize, betri ikiwa ya kampuni, chaji ya kampuni, na kampuni ina uwezo wa kukuzimia chombo kwa mtandao ukichelewa siku mbili, umetoka kwa bosi wa daftari umeingia kwa bosi wa kompyuta. Ni mkataba ule ule umevaa suti. Ndiyo maana nasema tuwe na chombo chetu cha fedha kwanza, halafu kampuni tukae nayo mezani kama wateja 40 siyo mmoja mmoja.

Vijana 40 wakiweka 3,000 kila mmoja kwa siku ni 120,000. Kwa siku 26 ni 3,120,000 kwa mwezi. SACCOS nyingi zinakopesha hadi mara tatu ya akiba, kwa hiyo anayetaka milioni 4 anahitaji akiba kama milioni 1.33. Kwa 3,000 kwa siku anafika ndani ya miezi 17 au 18. Ni mbali? Ndiyo. Ila ni muda mfupi sana ukilinganisha na miaka ambayo wengi wetu tumeshapeleka hesabu.

Utaratibu upo. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 ndiyo iliyounda Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imeziweka SACCOS daraja la tatu, na lazima ziwe na leseni. Maombi yanapita kwenye mfumo wa MUVU, na afisa ushirika wa wilaya ana wajibu wa kuwasaidia. Siyo fadhila, ni kazi anayolipwa. Wanaoanza wadogo wanaweza kuanza kama kikundi cha daraja la nne, kisha wakapanda.

Historia inatufundisha nini

Sisi tunaishi kwenye njia. Kabla ya reli, misafara ya kutoka pwani ilipita Tabora kuelekea Ujiji, na Wanyamwezi ndio waliobeba. Mzigo kama frasila mbili begani, kilo 30 na zaidi, wiki kwa wiki. Pembe haikuwa yao. Mtemi Mirambo alielewa jambo moja mapema: nguvu iko kwa anayeshika njia, siyo kwa anayebeba mzigo. Mwaka 1871 aliingia vitani na Waarabu wa Unyanyembe kwa ajili ya njia hiyo hiyo. Kisha Wajerumani wakaleta reli, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kazi ya mpagazi ikafa. Hakuna aliyemuuliza mpagazi atakula nini.

Sasa reli ya kisasa inakuja, ya umeme. Mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022. Treni ikifika, watu watashuka stesheni na mizigo yao. Nani atawapokea? Kijana wa Kaliua mwenye chombo chake, au kampuni kutoka mbali yenye bajaji 200 na vijana wetu wakiwa madereva wa mkataba tena?

Ushirika nao una kidonda chake, nalijua hilo. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika kwa amri, mali za wakulima zikaenda kwa mashirika ya umma, na ikabidi itungwe sheria mpya mwaka 1982 kuvirudisha. Wazee wetu wa tumbaku wana habari nyingi za AMCOS zilizoliwa na viongozi. Kwa hiyo kijana akisema "ushirika ni wizi", simlaumu. Namwambia tu kwamba wizi unaingia pale wanachama wanapoacha kuhudhuria mkutano mkuu. Dai ripoti ya ukaguzi kila mwaka, COASCO wapo kwa kazi hiyo. Kiongozi asijikopeshe nje ya utaratibu. Na fedha zisilale kwenye simu ya mweka hazina.

Na jambo hili niliseme kwa sauti kwa sababu tuko kwenye ukurasa wa chama: SACCOS yetu isiwe tawi la chama chetu. Mwana-CCM akilipa hisa yake na akiba yake, ni mwanachama kama wewe, na mkopo wake hauulizwi kadi. Hatuwezi kulalamika miaka yote kwamba mikopo inagawiwa kwa rangi ya shati, halafu tukipata chetu tufanye vile vile.

Tunachodai

Halmashauri kwa sheria inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kaliua mapato hayo yanatokana kwa sehemu kubwa na jasho la mkulima, kupitia ushuru wa mazao. Aprili 2023 mikopo ilisimamishwa nchi nzima baada ya CAG kuonyesha vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, kisha ikarudi kwa utaratibu mpya mwaka 2024. Waliokula ni wachache, waliokaa bila mikopo ni wote.

Kwa hiyo tunadai mambo manne, na kila tawi la vijana lipeleke kwa diwani wake, awe wa chama gani:

Moja, majina ya vikundi vyote vya vijana vilivyopata ile asilimia 4, kiasi, na marejesho, vibandikwe kwenye ubao wa kila kata. Kashishi, Ushokola, Usinge, Igagala, kote.

Mbili, vikundi vya usafirishaji viruhusiwe kutumia mkopo huo kununua vyombo na betri kwa pamoja.

Tatu, bei ya umeme wa kuchajia vyombo vya biashara iwekwe wazi na iwe tofauti na ya nyumba, ili mama asiadhibiwe kwa sababu mwanawe ana boda.

Nne, stesheni ya reli mpya iwe na eneo la waendesha vyombo wa hapa, lenye umeme, kabla zabuni hazijagawiwa kimya kimya.

Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma Aprili 2025 kwa mbwembwe nyingi. Vizuri. Ipimwe kwa swali moja: kijana wa boda wa Kaliua anakopa humo kwa masharti gani? Jibu likiwa "hati ya nyumba", basi ni benki nyingine tu.

Tuanze wapi

Usisubiri uchaguzi. Wiki hii, kila kijiwe kichague watu watatu: mmoja wa daftari, mmoja wa kuonana na afisa ushirika, mmoja wa kuuliza bei na waranti kwa wauzaji watatu tofauti. Anzeni na akiba ya 1,000 kama 3,000 ni nzito. Msinunue chombo chochote cha umeme kabla mmoja wenu hajakijaribu kwa mwezi mzima, mvua na jua, na kuandika kila siku kilomita na uniti. Takwimu zenu wenyewe ndizo mtakazopeleka mezani, siyo za muuzaji wala zangu.

Chama kinachotaka kuaminiwa na hazina ya nchi kianze kwa kuonyesha kwamba vijana wake wanaweza kutunza sanduku la watu 40 bila senti kupotea. Tukilishindwa hilo, tusiombe kura. Tukiliweza, hatutahitaji maneno mengi jukwaani.